Meza ya bibi inavutika tena

Jamani, leo nina furaha! Meza ya kulia ya marehemu bibi, ile ya mvule, imetoka kwa fundi na inavutika kama zamani. Ni ile aina yenye mbao mbili zilizojificha chini ya ubao wa juu. Ukizivuta kutoka ncha zote mbili, ubao wa juu unashuka katikati, usawa nazo, na meza ya watu sita inatosha kumi.

Ilikuwa imegoma miaka mingi. Unyevu wa Tanga huvimbisha mbao, tena kwa upana, si kwa urefu. Fundi hakukata kitu: aliiacha ikauke kivulini, akapiga msasa njia za kutelezea tu, akazisugua kwa mshumaa. Vanishi ya zamani aliikwangua kwa mkono, akifuata nyuzi za mti. (Mkifanya kazi hii vaeni barakoa, vumbi la mvule linawasha pua na macho vibaya.) Juu akapaka mafuta ya kitani, basi. Na ile kahawia iliyojitokeza, mashallah!

Nawaomba, msiuze meza hizi kwa bei ya kuni. Watoto wa shangazi, Idi tunakula kwangu.