Nilivyochagua pampu ya mirija ya utomvu wa mepo

Wageni wanaokuja kuona miti yangu ya mepo hapa Vermont, Marekani, huuliza mota ya pampu ina nguvu ya farasi wangapi. Mimi nilipokuwa natafuta pampu nilikuwa na swali jingine: itaendelea kutoa hewa kiasi gani ikishafika kwenye ombwe kali, yaani mirija ikiwa imebaki na hewa kidogo sana? Pampu nyingi ni hodari mwanzoni, mirija ikiwa imejaa hewa, lakini sindano ya geji ikipanda nguvu zinawaishia.

Kwa asiyeujua mti huu, mepo ndio ule ambao jani lake limo kwenye bendera ya Kanada. Baridi inapoelekea kuisha, kati ya Februari na Aprili, usiku huganda na mchana huyeyuka. Mabadiliko hayo hujenga shinikizo ndani ya shina, na ukitoboa tundu dogo utomvu hutoka. Ni kazi ya mgema, ila mahali pa kibuyu siku hizi pana mirija ya plastiki iliyotandazwa mti hadi mti mpaka kwenye tangi. Utomvu wenyewe una sukari kama asilimia 2 tu, kwa hiyo huchemshwa lita 40 hivi kupata lita 1 ya shira.

Kazi ya pampu ni kuondoa hewa kwenye mirija, ili shinikizo nje ya tundu liwe dogo kuliko lililo ndani ya mti. Ombwe hupimwa kwa inchi za zebaki, na usawa wa bahari haliwezi kuzidi inchi 30 hivi. Chuo Kikuu cha Vermont kina kituo cha utafiti wa mepo cha Proctor, kule Underhill, na hesabu inayotumiwa sana huku ni kwamba kila inchi moja huongeza utomvu kwa asilimia 5 hadi 7. Ndiyo maana sikutaka pampu ya kuishia inchi 15.

Pampu si lazima kwa kila mtu. Jirani yangu ana kilima kikali, naye anatumia mirija myembamba ya inchi 3/16. Utomvu hujaa humo na kushuka kwa uzito wake, ukivuta kilicho nyuma yake. Kimo cha mita 9 hivi kinaweza kuleta inchi 26 bila umeme wowote. Mimi nina matundu 400, na sehemu kubwa ya shamba ni tambarare, kwa hiyo njia yake sikuweza kuifuata.

Kanuni ya wakulima wa huku ni futi 1 ya ujazo wa hewa kwa dakika kwa kila matundu 100. Kwangu hiyo ni futi 4. Lakini miti yenyewe hutoa gesi, viungio hulegea, na kindi hutafuna mirija usiku na mchana. Nikaamua nataka futi 8, zipimwe pampu ikiwa kwenye inchi 25. Sharti hilo la mwisho ndilo lililochuja pampu nyingi kuliko bei.

Pampu ndogo za dayaframu zinazotumia betri zinafaa sana kwa matundu machache, si 400. Pampu za pete ya maji hufika ombwe kali na huvumilia utomvu ukiingia bahati mbaya, lakini zinahitaji maji baridi muda wote: yakipata joto, mvuke wake hupunguza ombwe, na usiku wa Machi yanaweza kugandia ndani. Mimi hushinda kazini, sina mtu wa kuyaangalia. Za makucha, zisizotumia maji wala oili ndani ya chumba cha kuvutia, zilinivutia mno, ila bei yake ni ya shamba kubwa.

Zikabaki pampu za rotari, zenye vibao vinavyoteleza ndani ya silinda. Hizi zimejaa mitaa hii kwa sababu zilitumika kukamulia ng'ombe, na mazizi mengi madogo yamefungwa. Fundi mmoja wa mashine za maziwa alinitahadharisha: pampu ya zizi hukadiriwa kwenye inchi 15, na ukiiendesha kwenye 25 hupata joto kali na kutoa hewa kidogo kuliko ilivyoandikwa kwenye lebo yake. Nikachukua iliyofungwa mfumo wa kuizungushia oili nyingi ya kuipoza, pamoja na tangi la kuirudisha oili hiyo. Kati ya pampu na chombo kinachotenganisha utomvu na hewa nikaweka mtego wa unyevu. Utomvu ukivuka hapo, oili hugeuka nyeupe kama maziwa na vibao huumia.

Sasa inakaa kwenye inchi 25. Nimefunga geji mbili, moja kwenye pampu na nyingine mwisho wa mstari wa mbali zaidi. Zikitofautiana kwa zaidi ya inchi moja au mbili, nachukua mkasi na viungio, natembea nikisikiliza mlio wa hewa. Mwaka ujao nikiongeza matundu upande wa mashariki pampu itatosha. Kinachohitaji kubadilishwa ni bomba kuu, ambalo ni jembamba mno kupitisha hewa na utomvu wa miti yote kwa pamoja.