Tufani na Uji

Julai ya Nairobi haina huruma. Saa 12 na nusu asubuhi nimefika zizini ninakofundisha farasi, ukungu umelala uwanjani, na farasi Tufani tayari anagonga mlango wa banda kwa kwato. Baridi ikichanganyika na upepo humpandisha mori. Nikajua mapema kwamba hapa hakuna kazi ya maana mpaka jua litoke, nikaenda kunywa chai.

Tufani alitujia akiwa na miaka 5, ametoka kwenye mbio pale Ngong. Watu hudhani farasi wa mbio hajafunzwa. Amefunzwa sana, ila mambo mengine. Mpandaji wake akikaza hatamu, yeye huegemea lijamu, kile chuma cha mdomoni, na kuongeza kasi. Sasa mimi nilizoea kwamba kuvuta ni breki. Siku ya kwanza nilivuta, akakimbia. Nikavuta zaidi, akapaa. Tulikuja kusimama kwenye ua wa miiba, na suruali ile sikuivaa tena. Hata kumpanda ilikuwa vita, kwa sababu kule hurushwa mtu mgongoni huku farasi anatembea. Kusimama tuli kungoja mtu aweke mguu kwenye kikuku cha tandiko? Hajawahi kuombwa.

Kosa langu kubwa lilikuja baadaye. Niliona dawa ya nguvu nyingi ni kuzimaliza, kwa hiyo kila asubuhi nikawa namzungusha kwa kamba ndefu dakika 40 kabla ya kumpanda. Wiki ya kwanza alitulia. Wiki ya 3, dakika 40 zilikuwa kama kifungua kinywa tu. Saisi wetu mzee, mtunza farasi aliyewashika tangu sijazaliwa, alinitazama ameegemea reki yake.

"Kijana, huyu unamfundisha adabu au unamtayarishia mbio za Derby?"

Nilicheka, lakini iliniingia. Nilikuwa namjengea pumzi mimi mwenyewe.

Siku hizi tumempunguzia nafaka, tumemwongezea nyasi kavu, na anashinda malishoni na wenzake badala ya kufungiwa. Kazi yenyewe ni ya polepole mno: duara dogo, geuka, simama, rudi nyuma hatua 2, duara tena. Kinachomchosha ni kufikiri. Leo saa 3, jua limeshatoka, alishusha shingo, akapuliza pua, masikio yakalegea upande: ametulia. Nikaachia hatamu papo hapo na kushuka. Dakika 18 tu. Zamani ningetaka "mara moja zaidi", na hiyo moja zaidi ndiyo iliyokuwa ikiharibu kila kitu.

Halafu kuna Uji. Jina linatokana na rangi, ingawa mwendo nao unachangia. Ni poni, farasi mdogo, aliyebeba watoto wa masomo ya wikendi kwa miaka, na kila mtu anamwita mvivu. Mimi pia nilimwita hivyo, nikampiga visigino mpaka miguu ikaniuma. Lakini ukigongwa mbavuni kila hatua, uende usiende, wewe ungeendelea kusikia?

Kwake nafanya kinyume. Mguso mwepesi wa mguu, mara moja. Asipoitika, naguswa na hasira lakini simpigi. Namgusa kwa fimbo mara moja, waziwazi. Akiondoka, miguu yangu inanyamaza kabisa, na hata akienda kasi kuliko nilivyotaka, simvuti. Ukimvuta umemwadhibu kwa kutii. Tukimaliza dakika 15 uwanjani namtoa njiani, maana mizunguko amechoka nayo.

Leo nilijaza tu kifua pumzi, nikataka kuanza kubana miguu. Sikio lake la kushoto likanigeukia, na kabla sijafanya lolote akaingia troti, ule mwendo wa mbio za polepole. Uji! Nilipiga kelele za furaha, akasimama, akanishangaa.

Kesho napewa jike mweusi aliyefika jana. Hapigi teke, hagongi mlango, anasimama tu kona ya banda amewapa watu mgongo. Saisi mzee ameniambia nije na kiti, nikae mlangoni, na ile kamba yangu niiache nyumbani.