Fomu imepiga hesabu yenyewe!

Jamani leo nina raha.

Si mnajua nauza mafuta ya alizeti hapa Dodoma, watu wanajaza fomu ya oda mtandaoni halafu kila mtu lazima aulize "na usafiri je?" ndo nianze kubonyeza kalkuleta huku kitunguu kinaungua.

Sasa mdogo wangu kaweka fomula, ukijaza dumu 1 mpaka 3 inatoka 6,000, 4 mpaka 10 inatoka 12,000, zaidi ya hapo inasema "tupigie", maana konda wa basi naye ana bei zake za kichwani 😂

Mteja wa kwanza, wa Mwanza, kanitext: "Dada, nikiweka 4 usafiri unaruka mara mbili, basi nipe 3."

Nimecheka mwenyewe dukani.

Nyie mnaotuma mikoani mnachaji kwa idadi au kwa kilo?