Bendera ya Dwarka

Bibi yangu mzaa baba, ambaye sote tulimwita Ba kwa desturi ya Wagujarati, aliishi Mombasa kwa zaidi ya miaka 50 bila kujaliwa kurudi hata mara moja katika pwani aliyozaliwa. Kila alfajiri alikaa mbele ya picha ndogo ya Krishna, mmoja wa miungu ya Wahindu, akasali kwa Kigujarati, kisha akainuka na kumsalimu jirani kwa Kiswahili cha Mvita. Kila tulipomuuliza kuhusu kwao, hakuanza na nyumba yao wala na wazazi wake, bali na bendera iliyokuwa juu ya hekalu la Dwarka. Januari iliyopita nilikwenda kuiona.

Mji wa Dwarka umo katika ncha ya magharibi ya Gujarat, jimbo la India, mahali ambapo mto Gomti unaingia katika Bahari ya Arabu. Wahindu wanauhesabu miongoni mwa vituo vinne vikuu vya hija, pamoja na Badrinath upande wa kaskazini, Puri mashariki na Rameswaram kusini. Jina lake limetokana na neno lenye maana ya mlango. Kwa mujibu wa masimulizi ya dini, Krishna aliuhama mji wa Mathura ili kuwaepusha watu wake na vita visivyokwisha, akajenga mji mpya hapa ufukweni, na baada ya yeye kuiaga dunia bahari ikaumeza. Ndiyo maana hapa haabudiwi kama mtoto mtundu wa vijijini anayeiba siagi, bali kama Dwarkadhish, yaani mfalme wa Dwarka.

Nilifika kwa treni iliyopitia Jamnagar, na kabla sijafika kituoni niliuona mnara wa hekalu ukiwa umesimama juu ya mapaa yote ya mji. Jengo lina ghorofa tano zinazobebwa na nguzo 72, na kuta zake za mawe zimechongwa kwa wingi kiasi kwamba jicho halipati pa kutua. Sehemu kubwa ya kinachoonekana leo ilijengwa upya baada ya majeshi ya Sultani Mahmud Begada wa Gujarat kulibomoa hekalu katika miaka ya 1470. Nilipoweka kiganja changu juu ya nguzo moja, niliwafikiria waashi walioanza tena kuchonga mahali ambapo kazi ya wazee wao ilikuwa imevunjwa.

Simu haziruhusiwi ndani, na nashukuru kwamba haziruhusiwi. Tulisogea polepole, wanawake kwa safu yao na wanaume kwa yao, mpaka pazia lilipofunguliwa na sanamu ya jiwe jeusi yenye mikono minne ikaonekana, imevikwa hariri na maua. Muda wa kuitazama ni mfupi mno, kwa sababu walio nyuma nao wametoka mbali. Nililitaja jina la Ba kimyakimya, nikasogea.

Lakini ni bendera iliyonishika. Ina urefu wa yadi 52, imeshonwa alama za jua na mwezi, na kwa desturi hubadilishwa mara kadhaa kwa siku. Kila bendera hutolewa na familia iliyoweka zamu yake mapema, nayo huibeba kichwani kwa nyimbo na ngoma kupitia mitaani mpaka hekaluni. Kisha mtu mmoja, kutoka jamii ya Mabrahmin, tabaka la makuhani wa Kihindu, iliyorithi kazi hiyo, huupanda mnara. Nilimtazama akipanda huku upepo wa bahari ukiyapiga mavazi yake, na uwanja mzima ukanyamaza. Bendera ya zamani ilishuka, mpya ikakunjuka taratibu, na watu wakapaza sauti, «Jai Dwarkadhish!» Mzee aliyekuwa kando yangu alikuwa akilia bila kujificha, nami pia. Julai 2021 radi iliipiga bendera hiyo, lakini hekalu likasalimika.

Nje ya lango la kusini, liitwalo Swarga Dwar, ngazi 56 zinashuka hadi mto Gomti. Nilikaa pale muda mrefu. Maji yale ndiyo bahari yetu, kwa maana majahazi ya Kutch na Kathiawar, sehemu za Gujarat, yaliondoka pwani hii kwa upepo wa kaskazi kuja Unguja na Mombasa, yakarejea kwa kusi. Wabhatia, jamii ya wafanyabiashara wa Kutch ambao ni waumini wa Krishna, ndio waliokuwa wakikodi kwa Sultani haki ya kukusanya ushuru wa forodha ya Zanzibar katika karne ya 19, na maarufu zaidi ilikuwa nyumba ya biashara ya Jairam Shivji. Maneno kama gari, laki na hundi tumeyapata kutokana na mwingiliano huo.

Siku ya pili nilikwenda kisiwa cha Beyt Dwarka kwa daraja lililofunguliwa mwaka 2024, halafu nikapita kwenye hekalu la Rukmini, mke wa Krishna, ambako mahujaji hutoa sadaka ya maji ya kunywa. Husimuliwa kwamba Rukmini alipatwa na kiu akanywa kabla ya kumkaribisha mgeni wake, mtawa Durvasa, naye akalaani kwamba atengane na mumewe na kwamba nchi hiyo ikose maji matamu. Nililipia maji kwa jina la Ba.

Jioni nilirudi hekaluni, nikasimama palepale uwanjani, nikaingojea bendera nyingine ipande.