Jinsi nilivyopata matunzo ya mwanangu bila kujua baba yake anaishi wapi

Kwa miaka 2 nilimtafuta baba wa mtoto wangu. Alihama Kisumu kimyakimya, na kila niliyemuuliza alinipa jibu lake: yuko Nakuru, yuko Eldoret, mara hajulikani aliko. Hatukuwa tumefunga ndoa. Shangazi yangu akaniambia niache kujisumbua, mtoto ni wangu, nimlee.

Shangazi alisema alichokijua. Sheria ya Watoto ya 2001 iliweka jukumu kwa mama kwanza pale wazazi hawakuoana. Lakini Katiba ya 2010, Kifungu cha 53, inasema baba na mama wana wajibu sawa wa kumtunza mtoto, wawe wameoana au la, na Sheria mpya ya Watoto, ya 2022, imeshika njia hiyo. Haya nilielezwa na wakili wa FIDA, shirika la mawakili wanawake, ambao wana ofisi hapa Kisumu. Nilitoka pale nimenyoosha mgongo.

Kikwazo kikabaki kimoja: kesi haisongi kama mwenzako hajapelekewa hati za mahakama. Mimi nilidhani lazima akabidhiwe mkononi. Wakili akaniuliza, "Dada, namba yake bado inapatikana?" Ilikuwa inapatikana, picha ya WhatsApp alikuwa akiibadilisha kila wiki. Kumbe tangu 2020 kanuni za kesi za madai zinaruhusu wito utumwe kwa barua pepe au kwa WhatsApp, kwa namba ya mwisho ambayo mtu anajulikana kuitumia.

Mama mwenzangu, hapa sikiliza vizuri. Usimtumie wewe usiku ukiwa na hasira. Wito hutumwa na mpelekaji hati anayetambuliwa na mahakama, kisha anaapa kwa maandishi kwamba ametuma, na kuambatisha picha ya ujumbe. Ujumbe ukitumwa saa za kazi, unahesabiwa umefika siku hiyo hiyo. Wangu ulitumwa Jumanne saa 4 asubuhi. Mpelekaji hati alinionyesha simu yake: vialama viwili vya kijivu, halafu vikageuka samawati. Nililia pale pale kwenye benchi.

Alifika mahakamani. Kesi za watoto husikizwa faraghani, kwa hiyo hakukuwa na umati wa kutukodolea macho. Hakimu akatupeleka kwa mpatanishi wa mahakama, na huyo hatukumlipa hata shilingi.

Kilichoniokoa kwa mpatanishi ni daftari. Tangu mtoto aanze shule nimekuwa nikiandika kila ninachomnunulia, na risiti nazibana kwa pini. Baba mtoto aliposema mtoto wa darasa la tatu hawezi kutumia pesa zote hizo, mpatanishi, mzee wa makamo mwenye sauti ya chini, alivaa miwani akaanza kusoma. "Machi 4, dawa ya kikohozi, 350. Machi 6, kalamu na kifutio, 60. Machi 7, tuktuk kwenda hospitali, 200." Alisoma kurasa 3 bila kuinua kichwa. Kisha akasema, "Mwanangu, niendelee?"

"Hapana, mzee, inatosha."

Tulikubaliana alipe nusu ya karo na 6,000 kila mwezi, na mtoto akae naye nusu ya likizo ya Agosti. Hilo la likizo aliliomba yeye, nami sikulipinga; mtoto alikuwa akimuulizia. Tukatia sahihi, na hakimu akaufanya mkataba wetu kuwa amri ya mahakama. Hiyo ndiyo tofauti na ahadi za simu nilizozizoea: akiiruka, narudi kwa hakimu nikiwa na karatasi mkononi.

Pesa ya kwanza iliingia kwa M-Pesa tarehe 5. Niliiandika kwenye daftari lile lile, nikafungua ukurasa mpya kwa ajili yake.