Begi la djembe: usidanganywe na sponji

Kila niliyemuuliza kuhusu begi la ngoma alinijibu sponji. "Tafuta lenye sponji nene, utatulia." Ushauri huo ulikaribia kunivunjia ngoma.

Nilinunua la dukani, la nailoni, sponji inabonyea vizuri. Djembe yangu, ngoma ya umbo la kikombe inayopigwa kwa mikono, ni ya mti mzito, uso wake inchi 12, na huwa naitoa Dar hadi Bagamoyo kwa daladala na bodaboda. Siku hiyo napanda gari, konda akanipokea mzigo kwa kushika mkanda, mkanda ukabaki mkononi mwake. Abiria mmoja aliidaka ngoma, Mungu ambariki. Kumbe mkanda ulishikwa na mshono mmoja tu wa ubavuni. Nikaligeuza begi ndani nje: kitambaa kimelika pale kinapogusa pete ya chuma inayoshika ngozi na mafundo ya kamba, na chini ukingo wa mguu wa ngoma umeshatoboa sponji. Begi la djembe huliwa kutokea ndani, na katika washauri wote hao hakuna aliyenitajia hilo.

Nikaenda kwa fundi wa maturubai. Fundi nguo mwache, cherehani yake haipenyi turubai lililokunjwa mara nne. Mikanda nilikwenda nayo mwenyewe, ile ya usalama ya magari, kutoka kwa wauza spea za magari yaliyochinjwa. Bei yake elfu chache, na mkanda uliotengenezwa kumzuia mtu mzima gari likigonga hauwezi kushindwa na ngoma. Fundi akataka kuushona ubavuni.

"Hapana fundi, upite chini ya kitako, utokee upande wa pili."

"Kaka, utamaliza mkanda wote."

"Wacha uishe."

Sasa uzito wote unabebwa na mkanda, turubai linafunika tu. Kwenye kitako tuliweka duara la tyubu ya gari na kipande cha godoro juu yake, na tyubu hiyohiyo tukaizungushia ndani pale pete zinapogusa. Kupima, usipime ngozi. Pima kwenye pete pamoja na mafundo, kisha ongeza vidole viwili. Zipu iwe ile nene ya mahema, ishuke hadi nusu ya ubavu, na juu yake dai kifuniko cha turubai, maana mvua ya masika hupitia kwenye meno ya zipu. Ngozi ya mbuzi ikinywa unyevu hulegea na sauti hushuka papo hapo. Na hata begi liwe zuri vipi, usiache ngoma ndani ya gari juani. Ngozi hujivuta hadi ikapasuka.

Yote, pamoja na soda ya fundi, kama 50,000 na kidogo. Wenzangu kikundini wameanza kumpelekea ngoma zao. Mmoja anapiga dumbaki, ndogo kuliko djembe, lakini mkanda tumekubaliana upite chini vilevile.