Ubao wa Laura Roslin

Shangazi hakujua Kifaransa, na Kiingereza ndiyo kabisa. Kwa hiyo mwaka 2009, jioni baada ya jioni, nilikaa kwenye kigoda kando ya televisheni yetu kule Majengo, Goma, nikisoma maandishi ya Kifaransa chini ya picha na kuyasema kwa Kiswahili, mbio mbio, kabla hayajafutika. Tamthilia yenyewe ilikuwa ya Kimarekani, Battlestar Galactica. Yaya, ndugu yangu mkubwa, aliinunua Kampala, misimu yote minne imebanwa kwenye CD chache zilizofungwa kwa mpira.

Shangazi alikuja kwetu mwishoni mwa Oktoba 2008 kutoka Rutshuru, kwa miguu, na watoto watatu. Anao wanne. Wa nne waliachana naye njiani, giza likiwa limeingia na watu wakikimbia kila upande, na hadi leo hatujapata habari zake.

Sikutegemea apende mambo ya vyombo vya angani. Lakini hadithi ile inaanza na watu wanaokimbia. Sayari zao kumi na mbili zimeteketezwa na mashine walizoziunda wenyewe, Cylon, na waliopona, watu kama 50,000 hivi, wamejazana katika vyombo vyovyote vilivyokuwa safarini siku hiyo. Katika kipindi cha kwanza adui anawafikia kila baada ya dakika 33. Siku ya tano hiyo, hakuna aliyelala. Rais wao, Laura Roslin, alikuwa waziri wa elimu tu. Wakubwa wote waliomtangulia wamekufa. Ana ubao mweupe ambao ameandika idadi ya walio hai. Akiletewa habari, anafuta, anaandika upya. Mwisho wa kipindi kile anaambiwa kuwa mtoto amezaliwa, naye anaongeza mmoja: 47,973.

Shangazi aliacha kuchambua maharage. "Huyu mama anahesabu watu wake," akasema.

Tangu siku ile hakuketi bila kuniuliza kwanza: "Leo wamebaki wangapi?" Nami nilikuwa na jibu, kwa sababu idadi huonyeshwa mwanzoni mwa vipindi vingi.

Usiku wa kipindi cha mwisho tulichanga pesa ya mafuta ya jenereta. Majirani walijaa sebuleni hadi mlangoni, nyumba yetu ya mbao ikawa inalia kila mtu akijigeuza. Sahani ya visamaki vya sambaza vya kukaanga ilizunguka juu ya vichwa. Vita vya saa ile ya kwanza sitavisimulia, vilikuwa vita. Kilichotusimamisha ni pale Kara Thrace, rubani aliyekufa katika msimu wa tatu na kurudi bila mtu kujua amerudije, anapobonyeza namba alizozitoa kwenye noti za wimbo, na meli nzima ya angani, Galactica, inaruka bila kujua inakwenda wapi. Inatokea kando ya mwezi. Nyuma ya mwezi kuna dunia, na juu ya dunia ile, wazi kabisa, Afrika.

Kelele zilizopigwa! Mtoto aliyekuwa amelala mgongoni mwa mama yake aliamka akilia. Baba mmoja fundi cherehani aliinuka, akaweka kidole kwenye kioo cha televisheni: "Ni hapa! Ni kwetu!"

Wakatua katika mbuga yenye majani marefu. Nilisoma baadaye kwamba mbuga ile ilipigwa picha Kanada, na sikupenda kujua. Wanajificha, wanachungulia kwa darubini, wanaona kundi la watu wenye mikuki ambao hata lugha bado hawana. Hapo vijana wakanuna. Mmoja aliuliza: "Kwa hiyo sisi ndio wale wa kwenye majani?" Hakuna aliyemjibu, na ninaona hasira yake ilikuwa ya haki. Wale wa mikuki hawakupewa hata jina.

Kisha Lee Adama, mwana wa kamanda wa meli, anashauri waachane na mashine zote, waanze upya kwa mikono mitupu. Wanakubali. Vyombo vyote vinapelekwa kwenye jua vikaungue. Nilipotafsiri hilo shangazi alinishika bega.

"Umesoma vizuri?"

"Nimesoma vizuri, shangazi."

"Vyote? Hata kimoja hawakubakiza?" Akageukia wengine. "Na wale wakirudi, watapanda nini? Watoto watawabeba na nini?"

Mama wote mle ndani waliunga mkono. Hakuna hata mmoja wao ambaye hajawahi kukimbia. Mwaka 2002 volkano ilipopasuka, nusu yao walivuka mpaka kwenda Gisenyi na godoro kichwani. Huko Marekani nako mashabiki waliulalamikia uamuzi ule, nimesoma mengi waliyoandika, lakini sijaona aliyeusema kwa neno lililo sahihi kuliko la shangazi.

Roslin alipokufa angani kando ya Adama, yule kamanda baba yake Lee, akiwatazama wanyama chini, sikutafsiri kitu. Adama anavua pete yake anamvika kidoleni. Watu sebuleni walikuwa wanalia wenyewe.

Lakini ugomvi mkubwa ulikuwa juu ya Kara. Amesimama na Lee kwenye majani, wanaongea. Lee anageuka kidogo, bado anaongea. Akirudisha macho, hayupo. Majani matupu. Chumba chote kikanigeukia mimi, kana kwamba maandishi yalisema nikawaficha. Ni malaika? Ni mzimu? Mbona mwili wake waliukuta umeungua ndani ya chombo chake? Vijana walisema waandishi wameshindwa kazi, misimu yote ile tumengojea jibu la bure. Nilikuwa na hasira kama wao.

Neno la mwisho likaleta amani kidogo: miaka 150,000 imepita, tuko New York, na sauti inasoma kuwa yamepatikana mabaki ya msichana aliye mama wa sisi sote, aliyeishi mahali panapoitwa leo Tanzania. Neno lile halikuhitaji mkalimani. Fundi cherehani, ambaye alifanya biashara ya vitambaa Kigoma miaka mingi, alipiga makofi peke yake hadi jenereta ikazimwa.

Walitoka wakibishana, nikawasikia hadi barabarani. Shangazi alibaki anakusanya sahani gizani.

"Yule Lee," akasema, "aliendelea kumutafuta?"

"Hapana. Alimwambia hatasahaulika. Basi."

Alinyamaza, sahani mikononi.

"Angemutafuta kwanza."

Asubuhi alinikuta nanawa uso uani. Aliniomba niweke tena CD ya kwanza, umeme ukirudi. Ulirudi karibu na saa kumi. Tulikaa wawili tu, na sikutafsiri kwa sababu alikuwa anajua kila kitu. Tulipofika mwishoni, Roslin akaenda ubaoni, akafuta, akaandika. Shangazi alisoma tarakimu zile kwa sauti, moja moja, hadi ile ya mwisho.

"Rudisha," akasema. "Rudisha pale anapoongeza."